Maisha ya Carothers yatufunze kuzitunza jezi za wanafunzi wetu

Ni wachache mno miongoni mwetu walimu, na wachache zaidi miongoni mwa wanafunzi wetu, wanaolifahamu jina la Wallace Hume Carothers. Hata hivyo, sidhani kuna shule humu nchini ambayo haijafikiwa na kazi ya akili yake. Imo katika bukta na soksi za wachezaji wa kandanda, imo katika nyavu za voliboli, imo katika mswaki anaoutumia mwanafunzi wa bweni kila alfajiri. Carothers ndiye aliyeongoza utafiti uliozaa nailoni. Aidha, ni juu ya msingi alioujenga yeye ambapo wengine walikuja kusimamisha poliesta, uzi ambao leo ndio unaofumiwa jezi nyingi za michezo.

Nimeamua kuyasimulia maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, ni maisha ya mtu aliyekuwa mwanafunzi na mwalimu kwa wakati mmoja, na kwa hiyo yanatuhusu sisi tunaoshinda madarasani. Pili, ipo tabia iliyokita mizizi katika shule zetu ya kuzichukulia nguo za michezo kana kwamba ni maganda ya ndizi. Hununuliwa kwa karo ya wazazi, huvaliwa muhula mmoja au miwili, kisha hutupwa. Laiti tungalijua jinsi uzi ule ulivyopatikana kwa jasho na machozi, yamkini tungaliuonea haya.

Carothers alizaliwa tarehe 27 Aprili mwaka 1896 mjini Burlington, katika jimbo la Iowa nchini Marekani. Alikuwa kifungua mimba wa watoto wanne. Baba yake alikuwa mwalimu katika chuo cha biashara mjini Des Moines, na huko ndiko kijana alikolelewa. Alipomaliza shule ya upili mwaka 1914, alijiunga na chuo hicho hicho cha baba yake, akasomea uhasibu. Wengi wangaliridhika na kalamu na daftari la hesabu. Yeye hakuridhika. Mwaka 1915 alikwenda katika chuo kidogo cha Tarkio, jimboni Missouri, na huko akaonja ladha ya kemia.

Hapa pana jambo linalostahili kutiliwa maanani na kila mwalimu. Mwalimu wake wa kemia, Arthur Pardee, alipohamia chuo kingine, Tarkio kilikosa mtu wa kuziba pengo. Carothers, ambaye bado alikuwa mwanafunzi, ndiye aliyekabidhiwa jukumu la kuwafundisha wenzake somo hilo. Alihitimu mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 24. Mwaka uliofuata alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Illinois, akafundisha kwa muda mfupi jimboni South Dakota, kisha akarejea Illinois na kutunukiwa shahada ya uzamifu mwaka 1924. Mwaka 1926 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho sifa zake hazihitaji mpiga zumari.

Licha ya mafanikio hayo yote, Carothers hakuwa mtu mwenye raha. Alikuwa na haya nyingi, na kusimama mbele ya darasa lililojaa kulimchosha roho. La kusikitisha zaidi ni kwamba tangu ujana wake aliandamwa na ugonjwa wa sonona. Ulimjia kwa vipindi, ukamnyima usingizi na hamu ya kazi, kisha ukamwachilia kwa muda kabla ya kumrudia. Kampuni ya DuPont ya mjini Wilmington, jimboni Delaware, ilipomtaka aende kuongoza utafiti wa kemia katika maabara yake, alisita sana. Aliwaandikia waziwazi kuhusu hali yake, akihofu kwamba ingekuwa kizuizi kikubwa zaidi viwandani kuliko chuoni. Walimtaka vivyo hivyo. Alianza kazi huko mwezi Februari mwaka 1928.

Wakati huo wanakemia walikuwa wamezama katika mjadala mkali. Vitu kama mpira, hariri na pamba vimeumbwa namna gani? Mjerumani Hermann Staudinger alishikilia kwamba kila kimojawapo ni mnyororo mrefu ajabu wa atomi zilizoshikana barabara. Wapinzani wake walidai kwamba ni vijimolekuli vifupi vilivyokusanyika tu kama nyuki kwenye mzinga. Carothers aliamua kuumaliza ubishi huo kwa vitendo. Badala ya kuichambua hariri ili aone ilivyoundwa, alikusudia kuuunda mnyororo yeye mwenyewe, kiungo baada ya kiungo, kwa njia ambazo kila mwanakemia alizifahamu na hakuna aliyeweza kuzitilia shaka.

Mwanafunzi na afikirie mabehewa ya gari moshi. Kila behewa lina kulabu mbele na nyuma, na kwa hiyo laweza kuungana na mengine mawili. Carothers alichagua molekuli za aina mbili, kila moja ikiwa na kulabu mbili, akaziacha ziungane. Kila zinapounganika, molekuli moja ya maji hutoka. Mwanzoni minyororo yake ilifikia urefu fulani, kisha ikakataa katakata kurefuka. Baada ya kutafakari aling'amua kwamba maji hayo yaliyobaki ndani ndiyo yaliyokuwa yakiibomoa minyororo huku yeye akiijenga. Yeye na msaidizi wake Julian Hill wakatumia chombo maalumu cha kuyavuta na kuyaondoa maji hayo yote.

Mwezi Aprili mwaka 1930 ulikuwa wa baraka. Katika maabara ya Carothers, Arnold Collins alipata kampaundi iliyogeuka kuwa mpira mgumu, ambao baadaye uliitwa neoprini. Wiki chache hazikupita kabla ya Hill kutumbukiza kijiti katika poliesta yake iliyoyeyuka na kukivuta juu. Kijiti kilitoka na uzi mwembamba unaometameta. Uzi ule ulipopoa, uliweza kuvutwa ukarefuka mara kadhaa, na kadiri ulivyovutwa ndivyo ulivyozidi kuwa imara. Sababu ni kwamba molekuli zilizokuwa zimetapakaa ovyo hujipanga safu wakati wa kuvutwa, kama wanafunzi wanavyojipanga gwarideni kengele inapolia.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Poliesta ile ya kwanza iliyeyuka kwa joto dogo na kudhurika majini. Nguo isiyoweza kufuliwa wala kupigwa pasi ni nguo ya nani? Carothers aliiweka kando. Fauka ya hayo, uongozi wa maabara ulibadilika mwaka huo huo. Mkuu mpya, Elmer Bolton, alitaka utafiti ulete bidhaa ya kuuzwa, na uchumi wa Marekani nao ulikuwa umeporomoka. Carothers alirudi kwenye meza yake mara kwa mara, na mara kwa mara akashindwa. Hatimaye aliigeukia jamii nyingine ya molekuli, na tarehe 28 Februari mwaka 1935 kundi lake likapata polima iliyotimiza masharti yote. Iliyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 250 za Selsiasi, haikudhurika majini, na uzi wake ulikuwa na nguvu kushinda hariri. Polima hiyo ndiyo nailoni. Bolton aliichagua miongoni mwa nyingine zilizokuwa zikijaribiwa kwa kuwa viambato vyake viliweza kupatikana kwa benzini, iliyokuwa ikitolewa kwenye makaa ya mawe kwa gharama nafuu.

Heshima zilimfuata. Mwaka 1936 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, na alikuwa mwanakemia wa kwanza wa fani yake kutoka viwandani kupewa hadhi hiyo. Mwaka huo huo alifunga ndoa na Helen Sweetman, aliyefanya kazi katika kampuni hiyo. Lakini ugonjwa haukumbagua kwa sababu ya vyeo. Alikuwa amelazwa hospitalini zaidi ya mara moja. Aliamini kwamba akili yake imekauka na kwamba hakuwa amefanya lolote la maana, ilhali kila aliyemzunguka aliona kinyume. Mwezi Januari mwaka 1937 dada yake mpenzi, Isobel, alifariki dunia kwa nimonia. Pigo hilo hakupata kupona. Tarehe 29 Aprili mwaka 1937, siku mbili baada ya kutimiza umri wa miaka 41, alijitoa uhai mjini Philadelphia. Binti yake, Jane, alizaliwa mwezi Novemba mwaka huo, asimwone baba yake.

Naomba nisiipite sehemu hii mbiombio. Miongoni mwa wanafunzi wetu wamo wanaobeba mzigo kama ule wa Carothers, na aghalabu ndio wenye alama nzuri, ndio wapole, ndio wasiotusumbua. Sonona ni maradhi kama malaria. Si uvivu wala ukosefu wa imani. Enzi ya Carothers tiba zake zilikuwa chache. Leo zipo. Mwanafunzi anayeona giza na amwendee mwalimu, mzazi au daktari, naye mwalimu anayeendewa na asikilize kabla ya kuhubiri. Mtu aweza kuwa ameubadilisha ulimwengu na bado akaamini kwamba hana thamani.

Nailoni ilitangazwa kwa umma mwezi Oktoba mwaka 1938, mwaka mmoja na nusu baada ya mvumbuzi wake kuzikwa. Bidhaa ya kwanza ilikuwa nywele za mswaki. Soksi ndefu za wanawake ziliuzwa kote Marekani kuanzia tarehe 15 Mei mwaka 1940, na madukani watu walisukumana. Vita vilipopamba moto na hariri ya Japani ikakosekana, nailoni ilitwaliwa yote na majeshi ikatengenezwa parachuti na kamba. Huko Uingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson waliirejelea poliesta aliyoiacha Carothers, wakabadilisha kiambato kimoja, na mwaka 1941 wakapata poliesta isiyoogopa maji wala pasi. Paul Flory, kijana aliyeanza kazi chini ya Carothers mwaka 1934, alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Staudinger naye aliipata mwaka 1953. Carothers hakuipata, kwa kuwa wafu hawatunukiwi.

Sasa na tuirudie jezi. Huyu bwana alitumia miaka saba kutafuta uzi usiooza, usioliwa na nondo, usiokatika na unaokauka upesi. Alifaulu. Uzi wa aina yake au wa poliesta ukizikwa ardhini leo, utatukuta sisi tumekwisha kuwa vumbi. Je, ni akili gani inayotutuma kuuvaa muhula mmoja na kuutupa? Katika shule moja niliyopata kufundisha, nilikuta gunia zima la jezi likichomwa katika shimo la taka. Nilizikagua zilizosalia. Kitambaa kilikuwa kizima. Nyingine zilikuwa zimefumuka kwapani, nyingine zimelegea ukanda wa kiunoni, na nyingine hazikuwa na kasoro yoyote ila zilichapishwa jina la mashindano ya mwaka uliopita. Moshi wake ulikuwa ukielekea mabwenini. Ifahamike kwamba nailoni ikiungua hutoa hewa zenye sumu kali. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti mwaka 2017, nasi tukashangilia, lakini jezi ya poliesta nayo ni plastiki iliyofumwa.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kurudia pamba, kwa kuwa pamba huoza. Siwabezi. Lakini pamba hunywa jasho ikawa nzito mwilini mwa mkimbiaji, huchelewa kukauka, na kilimo chake mara nyingi huhitaji maji na dawa kwa wingi. Wengine watasema kwamba jezi kuukuu zitayeyushwa zifanywe mpya. Ni kweli kwamba katika Kombe la Dunia la mwaka 2010 nchini Afrika Kusini, baadhi ya timu zilivaa jezi zilizotokana na chupa za plastiki, kila jezi ikimeza chupa hadi nane. Ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, kuigeuza chupa kuwa jezi ni rahisi kuliko kuigeuza jezi kuwa jezi. Ripoti ya Wakfu wa Ellen MacArthur ya mwaka 2017 ilieleza kwamba malighafi inayorejeshwa kutoka nguo kuukuu ili kuunda nguo mpya haifiki hata asilimia moja.

Kwa nini? Jibu limo katika kemia ya Carothers. Alichokiunganisha kwa kuyaondoa maji chaweza kutenganishwa kwa kuyarudisha maji kukiwa na joto na mgandamizo, na hivyo ndivyo baadhi ya viwanda vinavyojaribu kuzirejesha nailoni na poliesta kwenye viambato vyake. Lakini kazi hiyo hutaka kitambaa cha aina moja. Mwaka 1958 Joseph Shivers, katika kampuni ile ile ya DuPont, alivumbua uzi unaonyumbuka kama mpira. Siku hizi uzi huo huchanganywa na poliesta, nailoni au pamba katika nguo nyingi za mazoezi zinazobana mwili. Mchanganyiko huo ni mgumu kuutenganisha. Tena uzi huo wa kunyumbuka ndio huchoka kwanza, nguo ikalegea ilhali nyuzi nyingine bado ni nzima.

Kwa hiyo, mimi naona dawa iliyo karibu zaidi ni kuzifanya nguo za michezo zidumu. Walimu wa michezo wanaponunua, na wachague kitambaa cha uzi wa aina moja, na waigeuze jezi ndani nje waukague mshono kabla ya kuangalia rangi. Mshono uliopitishwa mara mbili kwa uzi wa poliesta ni bora kuliko nembo kubwa ya kupendeza. Na wasikubali mwaka wala jina la mashindano lichapishwe kifuani, kwani kufanya hivyo ni kuiandikia nguo siku yake ya kufa. Jina la shule na nambari vinatosha.

Wanafunzi nao wana wajibu wao. Jezi yenye jasho isifungiwe katika mfuko hadi Jumatatu. Isuuzwe siku hiyo hiyo kwa maji baridi na sabuni kidogo. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isitumiwe, kwani huidhoofisha nailoni na kuuharibu uzi wa kunyumbuka. Ianikwe kivulini, maana jua kali huidhoofisha nailoni polepole. Pasi ya moto isiikaribie. Na tukumbuke kwamba kila nguo ya aina hii inapofuliwa huacha vijiuzi vidogo mno majini, ambavyo huishia mitoni na ziwani bila kuoza. Watafiti wameonyesha kwamba nguo mpya ndiyo huacha vingi zaidi, hasa inapofuliwa mara za kwanza. Basi mwenye kuitunza jezi kuukuu anaitunza pia mito.

Juu ya yote, tuwafundishe watoto kushona. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshono uliofumuka kwapani hutaka sindano, uzi na dakika kumi. Ukanda wa kiunoni uliolegea hubadilishwa na fundi cherehani yeyote sokoni kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na bei ya bukta mpya, na fedha hizo hubaki kwa jirani yetu. Mwalimu wa kemia anapofundisha polima, na awaletee wanafunzi jezi iliyochanika, awaeleze kwa nini uzi haujaoza na kwa nini hautaoza, kisha awape sindano. Nina hakika hawatalisahau somo hilo. Nguo zisizotoshea tena timu kubwa ziteremshwe kwa shule za msingi jirani, ambako watoto wengi hucheza wakiwa na sare zile zile za darasani.

Carothers hakupata kumwona mtu hata mmoja akiuvaa uzi wake. Alikufa akidhani kwamba hakuacha kitu. Sisi tunaouvaa kila siku twajua kwamba aliacha kitu kigumu kuliko vyote vilivyokuwa vimefumwa kabla yake. Ugumu huo ni neema kwa mwenye kuutumia hadi mwisho na ni balaa kwa mwenye kuutupa. Mashindano ya muhula huu yatakapokwisha na jezi kurudishwa stoo, na zihesabiwe, zifuliwe na zishonwe. Fedha itakayookolewa inunue vitabu vya kemia.